Nyota, M, au Pengo

Kompyuta ya kwanza iliibiwa mwezi wa tatu,
kwa dirisha la choo, Pasua, usiku wa mvua.
Mwizi alitaka chuma. Alipata majina.
Wiki ya pili yake, sokoni Mbuyuni,
mama mmoja aliulizwa hali ya dawa zake
na mtu ambaye hakuwahi kumwambia kwamba anameza dawa.
Hakurudi kliniki.

Basi nimeitwa mimi, Eliamani fundi,
nimeketi kwenye benchi la akina mama
mbele ya kompyuta ya pili, kuukuu, ya msaada,
A na E zimefutika kwenye kibodi,
na Sista Anansia amesema neno moja tu:
Ifumbe.

Kufumba si kufuta. Kila jina
hubaki palepale lilipoandikwa, ila halisomeki:
kitendawili ambacho hata ukitoa mji,
ukatoa Moshi yote na Arusha juu yake,
hakiteguliwi.

Lakini mashine haijui kufumbua mpaka ifundishwe,
na hufundishwa kwenye kiini,
huko chini, kabla ya picha, kabla ya saa kuonekana.
Kiini huuliza kama karani wa uhamiaji,
mistari elfu, mabano elfu, na kila bano linangoja
nyota, herufi M, au pengo.
Nyota: kimo ndani, nimezaliwa nacho.
M: kipo kando, nitakiita nikikihitaji.
Pengo: sikijui.

Usukani wa michezo: pengo. Hapa hakuna anayecheza.
Printa: M.
Kifumbuzi cha diski nikakipa M pia.
Mashine nzee, nilijiambia, kiini kiwe chembamba.
Ubahili huo niliuita busara.

Feni ikakoroma saa mbili nzima ikichemsha kiini kipya,
umeme ukakatika, tukaanza upya,
Sista akaleta mtori kwenye chupa ya chai.
Saa kumi nikaiwasha.
Maandishi meupe yakashuka mbio, yakasimama.
Diski haionekani.
Kiini kimepatwa na kiwewe, ndivyo kilivyoandika chenyewe,
taa moja ikikonyeza.

Nikasoma juu kwenda chini, chini kwenda juu,
halafu nikacheka kicheko kibaya.
Kifumbuzi nimekipa M.
M hukaa kwenye diski.
Diski imefumbwa.

"Maana yake?"
"Maana yake, Sista, nimefungia ufunguo ndani."

Hakunicheka. Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya gauni.
"Msiba wa baba, Kibosho, tulifunga stoo ya kahawa,
kufuli jipya, funguo zote mbili kwenye koti lake,
koti ndani ya stoo. Tukavunja ukuta.
Huu wako hauvunjiki?"
"Hauvunjiki. Ndicho ulichonilipia."
"Sijakulipa bado."

Nikachomeka flashi, nikaingia kwa mlango wa mafundi,
nikafungua kwa neno langu la muda,
nikarudi kwenye yale mabano.
Kifumbuzi: nyota.
Hesabu zake za kufumba: nyota.
Kinachoiweka diski juu ya diski: nyota.
Usukani wa michezo, bado pengo.

Giza limeshaingia, kioo cheusi, mstari mmoja.
Nikafuta neno langu. Nikamwambia, weka lako.
Nikamgeuzia kisogo,
nikaisoma chati ya chanjo ukutani kwa sauti,
surua, pepopunda, polio,
ili macho na masikio yawe na kazi.
Hata hivyo nilisikia. Vidole viwili, polepole,
kibonye baada ya kibonye,
kumi na tisa.

Namba hiyo imo ndani yangu sasa, kama nyota,
na sijui bano lake liko wapi
niweke pengo.